Kinga si Maficho: Istilahi za Ardhi katika Michezo ya Vita ya Sanamu

Mwunda istilahi aweza kujifunza mengi katika kanuni za michezo. Katika hotuba neno legevu hupita bila kushtakiwa. Lakini mezani, wachezaji wawili wakilielewa neno hilo kila mmoja kwa namna yake, mchezo husimama. Kwa hiyo tumeona yafaa kuhakiki istilahi za ardhi katika michezo ya vita ichezwayo kwa sanamu ndogo za askari wa miguu, na kuuliza zifasiriwe vipi kwa Kiswahili.

Asili ya michezo hii ni ya kijeshi. Mwaka 1812 Baron von Reisswitz wa Prussia alimpelekea mfalme wake meza yenye vipande vilivyoonyesha vilima, mito na misitu. Mwaka 1824 mwanawe, ofisa wa mizinga, alitoa kanuni zilizotumia ramani, dadu na mwamuzi. Kwa upande wa sanamu, mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu chake *Little Wars* mwaka 1913, ambamo mzinga mdogo wa springi ulirusha kipande cha mti. Askari aliyesimamishwa nyuma ya nyumba ya ubao hakuhitaji kanuni ya kumlinda: kipande kiligonga nyumba, basi. Tatizo letu lilizaliwa pale dadu iliposhika nafasi ya mzinga huo, kwani dadu haigongi ukuta. Hapo ilibidi neno lifanye kazi ya ukuta.

Waandishi wa Kiingereza walichagua neno moja, ambalo asili yake ni kufunika, wakalibebesha mambo mawili. Kichaka humficha askari asionekane, lakini hakizuii risasi. Ukuta wa mawe huizuia risasi, hata kama adui ajua fika nani yuko nyuma yake. Lugha yetu imekwisha kuyatenga mambo haya: kuficha ni kazi ya macho, kukinga ni kazi ya kuzuia dhara. Wahenga waliposema kwamba mficha maradhi kilio humfichua, hawakuwa wakimsema mkinga maradhi, huyo walimsifu. Mfasiri aandikaye "maficho" kwa yote mawili huacha utajiri wa lugha yake ili afanane na umaskini wa nyingine.

Madhara ya neno hilo moja yaonekana katika hesabu zenyewe. Katika kanuni za *Bolt Action* za mwaka 2012, zihusuzo Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mpigaji kwa kawaida huhitaji 3 au zaidi katika dadu ya pande sita. Shabaha ikiwa nyuma ya kichaka hupunguziwa 1. Ikiwa nyuma ya ukuta, 2. Yaani ukuta umehesabiwa kama kichaka kizito zaidi: humtatiza mlengaji, haukamati risasi. Katika *Warhammer 40,000*, toleo la 1998, mambo ni kinyume. Shabaha ya mpigaji haipunguzwi. Bali aliyepigwa hutupa dadu yake ajiokoe, na hivyo majani ya kichaka yamepewa kazi ya jiwe. Kila kanuni imeshika nusu moja ya neno na kuibebesha mzigo wa nusu ya pili. Hatusemi kwamba michezo hiyo ni mibaya, maana wepesi wa kucheza nao una thamani. Twasema tu kwamba mfasiri asiurithi mkanganyo huo bila kujua.

Kuna mitego mingine miwili. Wa kwanza ni "upeo wa macho", ambao baadhi ya watu wangeutumia kwa ule mstari ulionyooka kutoka kwa mpigaji hadi shabaha. Upeo ni mwisho wa kuona, si njia ya kuona. "Mstari wa jicho" wafaa zaidi. Wa pili ni "ardhi ngumu" kwa mahali pa kuchelewesha mwendo, kama vile tope au msitu. Kwa Mswahili ardhi ngumu ni ile iliyokauka, na juu yake mtu hukimbia vizuri! Hapo twasema "mapito magumu".

Huenda msomaji akauliza kama "kinga" halijalemewa, maana madaktari wanalo, na wanasheria wanalo. Jibu letu ni kwamba maana zote hizo zina kiini kimoja, cha kuzuia dhara lisimfikie mtu. Neno limepanuka, halikupasuka. Basi twapendekeza: *maficho* kwa kifichacho tu, *kinga hafifu* kwa ua wa mbao, *kinga madhubuti* kwa mawe na mifuko ya mchanga. "Kinga laini" na "kinga ngumu" tuziepuke, kwani ubao si laini.

Wala hili si suala la mchezo peke yake. Mkufunzi wa mgambo, au mtumishi aandikaye maelekezo ya usalama, akiwaambia watu "tafuteni maficho" risasi zinapolia, atakuwa amewaelekeza nyuma ya ua wa makuti. Mezani kosa hilo hugharimu sanamu moja. Nje ya meza hugharimu mtu.