Kumfuata Caravaggio kwa Brashi

Hakuna mchoro wa maandalizi wa mchoraji Caravaggio unaojulikana leo, wala hakuandika kitabu cha ufundi wake. Anayetaka kujua alivyofanya kazi hana budi kuiendea picha yenyewe, na sijui njia ya kuifahamu kwa undani zaidi kuliko kuinakili. Ndiyo maana nawastahi wanafunzi wa rangi za mafuta wanaojitwika “Maziko ya Kristo”, picha aliyoichora Roma mnamo 1603 na 1604 kwa ajili ya kanisa la Santa Maria in Vallicella. Leo imo katika makumbusho ya Vatikani.

Ni picha kubwa, kimo chake mita 3, upana mita 2 hivi. Watu sita wamesongamana juu ya bamba la jiwe ambalo kona yake inamchomozea mtazamaji. Nikodemo amekumbatia miguu ya Kristo, uso katugeuzia sisi. Yohana ameushika mwili mabegani, na vidole vyake vimegusa jeraha la ubavuni. Nyuma kabisa, Maria wa Klopa ameinua mikono juu. Waliobaki ni Mama wa Kristo na Magdalena, vichwa vimeinama.

Mwanafunzi huanza na giza. Turubai haiachwi nyeupe. Hupakwa rangi ya udongo wa kahawia, ikasubiriwa ikauke. Juu yake huweka vivuli kwa rangi nyembamba, kisha huanza kuitoa miili gizani kidogo kidogo: bega, goti, paji la uso. Mara kwa mara hurudi nyuma hatua kadhaa, akafinya macho ili rangi zipotee, abaki na mwanga na kivuli tu. Kama mwanga umekaa pabaya, hapo ataona.

Tazama sanda. Kwa mbali ni nyeupe tupu, na anayeanza huichotea nyeupe moja kwa moja. Picha humkatalia. Sehemu kubwa ya kitambaa kile ni kijivu, penye mkunjo kimeingia ukahawia, na nyeupe nzito imewekwa mahali pachache tu ambapo mkunjo unapokea mwanga wenyewe. Inang'aa kwa sababu majirani zake wamefifishwa. Akishalielewa hilo kwenye sanda, atalielewa kwenye mkono wa kulia wa Kristo unaoning'inia hadi vidole vikagusa jiwe, mishipa ikiwa imetuna chini ya ngozi. Mkono ule peke yake unatosha kumshughulisha mtu majuma kadhaa, na kwangu ndio sehemu bora ya picha nzima.

Mafuta nayo yana sheria zake. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanavyokauka. Huvuta hewa na kuganda polepole. Tabaka za chini ziwe na mafuta machache, za juu ziwe na mengi zaidi, la sivyo rangi itapasuka baadaye. Udongo wa kahawia hukauka upesi, nyeusi ya mifupa huchelewa. Basi joho jekundu la Yohana hujengwa kwa awamu, tabaka jembamba juu ya lililokwisha kukauka, na siku za kungoja ni sehemu ya kazi.

Wapo wanaodhani kunakili ni kazi ya wasio na chao. Lakini mchoraji Rubens aliitolea picha hii nakala kati ya 1612 na 1614, akiwa tayari bwana wa fani yake, na hakuifuata neno kwa neno: alibadilisha mpangilio wa watu. Nakala hiyo iko Ottawa, Kanada. Baadaye Géricault na Cézanne nao waliinakili.

Ukivutiwa, usianze na watu wote sita. Chukua mkono mmoja, turubai ndogo, rangi tatu au nne, na chapa nzuri ya picha. Ukimaliza, andika nyuma jina lako pamoja na la Caravaggio, ili atakayeikuta ajue ni nakala.