Asilimia 97 ya Nani? Somo la Zuia Mbu kwa Kundi la Masoko la Kinyerezi

Kazi nyingi za kundi za somo la masoko vyuoni hufikia kilele kwenye slaidi moja: chati ya duara, na chini yake maneno kama "asilimia 85 ya waliohojiwa wako tayari kununua bidhaa yetu". Darasa linapiga makofi, kundi linakaa chini. Ni nadra mtu kunyoosha mkono na kuuliza: asilimia 85 ya nani?

Hesabu za sehemu tulizofundishwa shule ya msingi zilikuwa na kiasi juu na asili chini. Wanafunzi wa masoko wanaipenda namba ya juu na kuisahau ya chini. Hoja yangu ni kwamba kazi ya kundi huharibikia hapo, kabla hata ya kufika kwenye nembo, bango au bei.

Chukua mfano wa kutunga, ingawa yeyote aliyesoma masoko ataujua. Wanafunzi watano wanatengeneza sabuni ya maji, wanaijaza kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, na wanataka kuiuza Kinyerezi, Dar es Salaam. Dodoso linaandaliwa kwenye simu na kurushwa katika makundi ya WhatsApp ya darasa. Majibu yanamiminika usiku huohuo, kutoka kwa wenzao wanaokaa Mbagala, Kigamboni na hosteli. Mama ntilie wa Kinyerezi Mwisho, anayeosha masufuria kutwa, hakuulizwa. Wala dada wa saluni, wala vijana wa kuosha magari, wala mama mwenye nyumba kule Kifuru. Waliojibu ni marafiki wa wauzaji, na rafiki hakosi kusema "nitanunua".

Mfano wa kazi iliyofanywa vizuri hauko mbali. Mwaka 1997, katika wilaya za Kilombero na Ulanga mkoani Morogoro, mradi wa KINET ulioendeshwa na kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara ulianza kuuza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu. Vyandarua viliuzwa, havikugawiwa bure, na eneo lilikuwa na watu wapatao 350,000. Walichofanya kabla na baada ya kuuza kinafaa kusomwa kama kitabu cha kiada cha masoko.

Kwanza, utafiti wa soko

Watafiti walianza kwa kukaa na wanakijiji na kuwasikiliza. Waligundua kwamba watu wengi walihusisha malaria ya kawaida na mbu, lakini degedege waliiweka kando, kama ugonjwa wenye chanzo kingine na wenye kuhitaji tiba ya jadi. Kwa mfanyabiashara, hili ni jambo zito. Kitu ambacho mama alikiogopa kwa mwanawe hakikuwa, machoni pake, na uhusiano wowote na bidhaa iliyokuwa inauzwa. Dodoso la "je, unaogopa malaria?" lingepata ndiyo tupu, na pengo hilo lingebaki limefichika. Baada ya kulijua, ujumbe wa kampeni uliweza kuunganisha chandarua na degedege.

Sabuni nayo inaweza kuwa na degedege yake. Huenda kundi linahangaikia harufu na rangi, ilhali mama ntilie anataka kujua jambo moja tu: inakata mafuta kwa maji baridi? Jibu la swali hilo halimo kwenye kisanduku cha kuweka tiki.

Pili, nani auze

Zuia Mbu haikuzinduliwa katika wilaya zote mbili kwa siku moja. Ilianza katika vijiji 18, ikiwa na mawakala 31 wa vyandarua: 15 wenye maduka, 14 viongozi wa vijiji, paroko mmoja na mhudumu wa afya mmoja. Dawa ya kutia kwenye vyandarua ilipewa watu wengine kabisa, vijana 37 waliofunzwa kwa kazi hiyo.

Mgawanyo huo una akili. Mwenye duka ana rafu na chenji. Kiongozi wa kijiji na paroko wana kitu ambacho duka halina, yaani kuaminiwa na watu kuhusu bidhaa ngeni. Kutia dawa kulihitaji mikono, muda na maelekezo, kwa hiyo kukawekewa watu wake.

Mwaka wa kwanza viliuzwa vyandarua 22,410 na dozi 8,072 za dawa. Soma namba hizo pamoja. Chandarua kinanunuliwa mara moja, lakini dawa ya enzi zile ilibidi irudiwe. Kumuuzia mtu kitu ni kazi moja. Kumrudisha ni kazi nyingine, tena ngumu zaidi. Chupa ya kwanza ya sabuni inaweza kununuliwa kwa huruma ya kuwaona wanafunzi juani. Chupa ya pili hainunuliwi kwa huruma.

Tatu, namba za mwisho

Hapa ndipo KINET ilipowazidi wengi. Miezi 18 baada ya uzinduzi, familia 312 zenye watoto wa chini ya miaka mitano ziliulizwa, na asilimia 46 zikasema watoto wao wanalala kwenye vyandarua vyenye dawa. Katika eneo lililokuwa likifuatiliwa kaya kwa kaya, watoto wachanga waliotumia vyandarua hivyo walitoka chini ya asilimia 10 na kuvuka 50 ndani ya miaka mitatu. Lakini ukichukua wilaya zote mbili na watoto wote wa chini ya miaka mitano, kufikia 1999 ilikuwa asilimia 18 tu.

Namba zote tatu ni za kweli. Kinachozitenganisha ni asili: nani amehesabiwa, wapi, na baada ya muda gani tangu bidhaa ifike. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet, yalionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Walipokadiria faida kwa wilaya zote mbili, watafiti walitumia ile 18. Wakasema kwamba kwa kiwango hicho, vyandarua vilikuwa vinazuia kifo kimoja kati ya kila vifo 20 vya watoto. Namba ndogo ndiyo iliyobeba hoja kubwa.

Hati za punguzo za KINET zina fundisho kali zaidi. Wajawazito na mama wa watoto wadogo walipewa kliniki hati ya kupunguziwa bei, na asilimia 97 ya hati zilizotolewa zilirudi kwa kununua chandarua. Kundi lolote la chuo lingeifunga kazi hapo. Lakini hiyo ilikuwa asilimia 97 ya hati, si ya akina mama. Walipoulizwa akina mama wenyewe, waliokuwa wametumia hati walikuwa wachache, na wenye uwezo zaidi ndio waliozidi miongoni mwao, kwani hati ilipunguza bei tu, haikuifuta. Mpango wa hati punguzo wa taifa ulipoanza 2004, mama bado alijazia tofauti ya bei dukani. Mwaka 2009 mchango wake ukawekwa kuwa shilingi 500 tu.

Kurudi Kinyerezi

Mwanafunzi atasema KINET ilikuwa na wafadhili na miaka, yeye ana muhula mmoja na nauli ya daladala. Ni kweli. Lakini asili haina gharama. Kundi lichague mtaa mmoja badala ya "soko la Dar es Salaam". Litembee na kuorodhesha kila genge, saluni, mgahawa na sehemu ya kuoshea magari. Orodha hiyo ndiyo namba ya chini. Liuze hata chupa 40, kwa hela halisi, na kuandika kwenye daftari: nani kanunua, tarehe, nani kamuuzia, na kama amerudi. Safu ya "nani kamuuzia" itamaliza pia ugomvi wa mwanakundi ambaye mchango wake ni jina kwenye jalada.

Ripoti ikisema "biashara 52 za mtaa huu, tumefika 30, 11 zimenunua, 4 zimerudi", haitapendeza kwenye chati ya duara. Lakini mwenye kiwanda kidogo ataisoma na kujua la kufanya kesho: azifuate zile saba ambazo hazikurudi, aziulize sababu. Wahadhiri wanaweza kulirahisisha hili kwa sharti moja katika maelekezo ya kazi: asilimia isiyo na asili yake pembeni haipewi alama.