Picha Isiyosema: Uhakiki wa Mbinu za Kuonyesha Sikio kwa Wanafunzi wa Tiba

Ulinganishaji wa mbinu za kufundishia anatomia ya sikio aghalabu hutumia kigezo kimoja: mwanafunzi ametambua sehemu ngapi katika mtihani. Kigezo hicho hakitoshi. Mchoro bapa huonyesha mpangilio lakini huficha kina. Kielelezo cha plastiki hurejesha kina lakini hukuza mno kikuku, mfupa wa milimita 3 hivi. Picha ya kompyuta huzungushwa pande zote, ila hudai umeme. Kwa kawaida, zote huandikwa kwa Kiingereza na Kilatini.

Kikorongo, wilayani Kasese, ndipo barabara inapochepuka kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe, ambako wagonjwa kutoka Kongo hujieleza kwa Kiswahili. Hapo istilahi yenyewe huwa picha: nyundo hugonga fuawe, fuawe husukuma kikuku. Hata hivyo, kikuku ni pambo pia. Lisipofafanuliwa, neno hilo hupotosha umbo.

Tangu 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Kwa hiyo, ulinganishaji upime pia iwapo mwanafunzi anaweza kumweleza mgonjwa, kwa Kiswahili, kwa nini hasikii.