"Mbuga", "Hifadhi" na "Pori la Akiba"

Waingereza wana maneno mawili, "park" na "reserve", ambayo waandishi wengi wa Kiswahili huyafasiri yote kwa neno moja, "mbuga". Kosa hili si dogo, na Mkoa wa Singida waonyesha vema madhara yake.

Mwaka 1964 sehemu ya kusini ya Pori la Akiba la Rungwa ilitengwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sehemu iliyobaki, katika nchi ya Manyoni na Itigi, ikaendelea kuwa pori la akiba. Tembo ni wale wale, wala hawaulizi mpaka. Lakini upande wa hifadhi uwindaji wa kitalii umekatazwa kabisa, na upande wa pori mwenye kibali huwinda kwa halali.

Majina ya Kiswahili, kwa hakika, yashinda ya Kiingereza. "Park" ya zamani huko Uingereza ilikuwa ardhi iliyozungushiwa ua, ambamo mfalme na mabwana waliweka kulungu wa kuwinda. Leo neno hilo hilo lamzuia mwindaji. "Hifadhi" latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kulinda, na "akiba" ni kitu kilichowekwa kando kitumiwe baadaye kwa kiasi. Asiyepata kuisoma sheria aweza kuikisia kwa majina haya tu.

Na "mbuga" je? Kwa wakulima na wafugaji wa bara ni nchi tambarare ya udongo mweusi, ijaayo maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Wembere, magharibi ya Iramba, ndiyo mbuga hasa, na wataalamu wa udongo wamelichukua neno hili kwa maana iyo hiyo. Rungwa, iliyo zaidi nchi ya miombo, haistahili jina hilo. Basi katika lugha ya mfugaji mbugani ndiko ng'ombe wapelekwako kulisha. Katika lugha ya magazeti mbugani ndiko ng'ombe wakamatwako. Mtu huyo akionywa asiingize mifugo mbugani, ataelewa nini?

Hata "hifadhi" halikusalimika. Ngorongoro, iliyotengwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja, nayo huitwa hifadhi, kana kwamba sheria yake ni moja na ya Ruaha. Hapo neno jingine bado lahitajiwa.