Fundi Springi

Pikapu iliyojaa viazi kutoka Njombe utaijua kwa mbali: nyuma imelala, taa zinamulika vilele vya miti, usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi. Mwisho wake ni kwa fundi springi.

Yeye huweka magogo chini ya chasisi, kisha huingia uvunguni. Nati zimekula kutu; anazimwagia dizeli, anasubiri, anachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu. Vipande vya springi hubanwa kwanza kabla ya kufungua bolti ya katikati, maana vikifyatuka vidole havina pa kukimbilia.

Kipande kilichonyooka hugongwa kikiwa baridi, nyundo baada ya nyundo, mpaka mkunjo urudi. Kukichoma kungekuwa rahisi, ila chuma kilichochomwa ovyo hulegea tena. Akiongeza kipande, huuliza kwanza unabeba nini: kikizidi ugumu, gari tupu litarukaruka kama mbuzi.

Na atakwambia, hata kama hutaki kusikia, kwamba springi mpya haiongezi nguvu ya breki wala ekseli. Kisha urudi baada ya siku chache akaze nati upya. Wengi hawarudi. Huwapigia simu.