Kimelea, Mwenyeji na Mahali: Uhakiki wa Rasimu Moja ya Tafsiri

Hivi karibuni ililetwa kwetu, ili istilahi zake zikaguliwe, rasimu ya tafsiri ya mwongozo unaowaelekeza maofisa afya wa kata namna ya kutumia hifadhidata huria katika kuchora ramani za maradhi. Jambo lenyewe ni jema, tena limechelewa. GenBank, iliyoanza mwaka 1982, huhifadhi mifuatano ya jeni, ikiwamo ya virusi. GBIF, iliyoundwa mwaka 2001, hukusanya kumbukumbu za viumbe na mahali walipoonekana, mbu wakiwamo. Yeyote yule, awe mtafiti wa Muhimbili au mwalimu wa sekondari, aweza kuzitumia bila malipo. Kwa uchoraji wa ramani, kumbukumbu hizo hutakiwa kujibu maswali matatu: ni kitu gani kiletacho maradhi, kilikutwa katika kiumbe gani, na wapi. Mfasiri ameyajibu kwa maneno matatu: kimelea, mwenyeji, mahali. Yote ni maneno safi ya Kiswahili, na matatizo ya rasimu nzima yamo humo.

Kuhusu kimelea hatuna mengi. Neno limetokana na kumea, nalo lamfaa sana mdudu wa malaria. Lakini chawa naye ni kimelea, wala si kila mwenye chawa ana maradhi. Hapo yatosha kusema kiini cha maradhi.

Lililotushangaza zaidi ni tanbihi ya ukurasa uo huo, isemayo kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Sivyo. Ni neno la Kimakonde, lenye maana ya kupinda au kujikunja, nalo lilitokana na mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, pande za Newala, ambao Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliueleza mwaka 1955. Kosa hilo limenakiliwa mara nyingi katika maandishi ya kigeni, na mfasiri wetu amelileta nyumbani bila kulikagua. Wakati huohuo ameandika "homa ya dengue" mwanzo hadi mwisho, ilhali kidingapopo ni jina letu: Daktari James Christie alilisikia Unguja, akaliandika katika miaka ya 1870, na wako wataalamu waaminio kwamba hilo dengue lenyewe lilitoka humo. Basi neno lisilo letu tumepewa, na lililo letu tumelitupa.

Tuje kwenye mwenyeji. Katika elimu ya viumbe, mwenyeji ni kile kiumbe ambamo kiini cha maradhi huishi. Wanafunzi wa biolojia wamelizoea, nasi hatuna sababu ya kuwanyang'anya. Lakini jedwali la rasimu lasomeka hivi: "Mwenyeji: binadamu. Mahali: Kariakoo." Mpe karatasi hiyo mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo, ambaye wateja wake hutoka Lubumbashi, Lusaka na Moroni. Yeye atasoma kwamba wenyeji wa Kariakoo ndio wenye maradhi, na wageni wameyakuta hapa. Na hatakuwa amekosea kusoma. Kwa Kiswahili cha kila siku, mwenyeji wa mahali ni mkazi wa mahali hapo na mpokea wageni wake. Ndipo neno la maabara liwezapo kuvunja biashara ya watu. Ukinyambua kitenzi kumelea kwa kufuata kanuni, utapata kimelewa, yaani kilichomelewa. Sarufi haina kasoro, ila msikilizaji atauliza ni kitu gani hicho kilichokunywa pombe. Sisi twapendekeza kiumbe mwenyeji, maneno mawili yasitenganishwe kamwe katika jedwali, na mbu aitwe kiumbe mwenezi, kwa kuwa rasimu imewachanganya wote wawili katika safu moja.

Neno la tatu laonekana jepesi kuliko yote, nalo ndilo zito. Mbu aina ya Aedes aegypti, aenezaye kidingapopo, huuma mchana, na huzaliana katika matairi mabovu, makopo na mapipa ya maji. Mchukuzi alalaye Mbagala aweza kuumwa na mbu huyo akiwa ghalani Kariakoo, kisha akapimwa Mnazi Mmoja. Je, mahali ni wapi? Rasimu haisemi, safu ni moja tu. Ikijazwa kwa jina la zahanati, ramani itaonyesha zahanati kuwa ndicho kitovu cha homa, na wapulizia dawa watapelekwa huko. Jiji lilipatwa na milipuko ya homa hii mwaka 2010, 2014 na 2019, kwa hiyo hatubishani juu ya mambo ya kufikirika.

Hifadhidata zenyewe huongeza utata. Mstari ulioitwa "nchi" katika GenBank ulibadilishwa mwaka 2024 ukawa "jina la mahali kijiografia", lakini kumbukumbu nyingi hutaja nchi tu, pengine na mji. Kompyuta ikiambiwa "Tanzania" pasipo zaidi, yaweza kuweka nukta katikati ya nchi, upande wa Manyoni. Ikiambiwa "Dar es Salaam", nukta aghalabu hudondokea katikati ya mji, pande hizihizi za Kariakoo, hata kama mgonjwa alikuwa wa Tegeta. Tena tangu Februari 2021, Manispaa ya Ilala ilipofanywa kuwa Jiji la Dar es Salaam, jina hilo moja lina mipaka miwili, ya kabla na ya baada. Na Kariakoo ya wasemaji ni pana kuliko Kata ya Kariakoo. Humeza Gerezani na sehemu ya Jangwani. Ofisa asiyeelezwa haya atachora kwa uaminifu ramani ya uongo.

Kwa hiyo tumeshauri safu hiyo igawanywe: mahali pa kulala, mahali pa kazi, mahali pa kupimwa, na kando ya kila moja iandikwe ni kwa umbali wa mita ngapi tunaweza kukosea, kama zielekezavyo kanuni za Darwin Core. Kipimo kidogo kabisa kiwe shina. Neno hilo halihitaji kubuniwa: mpango wa mjini wa kupambana na malaria, ulioanza mwaka 2004 katika kata 15 za Dar es Salaam, ulichora madimbwi ya viluwiluwi kwa kufuata mashina ya nyumba kumi kumi. Rasimu imerejeshwa kwa mfasiri pamoja na maelezo haya, nasi twamwomba asiipeleke kiwandani kabla ya jedwali la ukurasa wa tatu kuandikwa upya.