Mlipima Plastiki, Mwamba Mkauacha

Uamuzi wenyewe huchukua nusu dakika. Nyundo imekwishagonga hadi mita 90, kompresa imezimwa, wapimaji wako njiani na winchi yao, na msimamizi anaamuru mabomba ya PVC yateremshwe kwanza: skrini, yaani mabomba yenye matundu, pale mchimbaji alipohisi maji, changarawe imwagwe pembeni, logi ya sauti, kipimo cha mawimbi ya sauti ndani ya kisima, ichukuliwe kesho. Wasomaji wa safu hii mmeliona jambo hilo, Uyui, Sikonge, Nzega, kokote ambako mtambo umesimikwa juu ya majabali ya Unyamwezi. Sitazunguka: ni kosa. Halitokani na bajeti wala bahati mbaya, linatokana na mpangilio wa kazi, na hakuna programu ya kompyuta itakayolisahihisha baadaye. Kipimo kilichopaswa kumwonyesha mchimbaji mahali pa kuweka skrini kinachukuliwa skrini zikiwa zimeshakaa. Ni kumwita kungwi harusi ikiwa imekwisha.

Tuanze na mwamba. Sehemu kubwa ya Tabora imekaa juu ya graniti ya kale mno, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na graniti nzima haihifadhi maji. Maji yako kwenye tabaka la juu lililooza, na chini yake ndani ya nyufa chache ambazo mtu huzipata au huzikosa kwa mita moja tu. Katika mwamba mzima sauti hupita kwa mita 5,500 hadi 6,000 kwa sekunde, yaani mikrosekunde 167 hadi 182 kwa kila mita. Ndani ya maji huhitaji kama 667. Wimbi la P, la mgandamizo, likikata ufa huchelewa kidogo, la S, la mkato, hupoteza nguvu zaidi. Lakini shahidi mkuu wa mtafuta maji ni wimbi la Stoneley, lile linalosafiri ndani ya maji ya kisima likiegemea ukuta wa mwamba. Likifika kwenye ufa ulio wazi husukuma maji kuingia ndani yake, hudhoofika, na sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mawimbi mengine hutuambia kwamba kuna ufa. Hili hutuambia kama ufa huo unapitisha maji, na hilo ndilo swali lililotuleta kijijini.

Sasa weka plastiki katikati. PVC hupitisha sauti kwa takribani mita 2,300 kwa sekunde, ukuta wake ni laini ukilinganishwa na graniti, na nyuma yake kuna changarawe iliyolowa, isiyofungwa kwa saruji. Wimbi la Stoneley haliegemei tena mwamba. Linatanua na kubana bomba, kasi yake inashuka, na habari linayoleta juu ni habari za ulaini wa plastiki. Kibaya zaidi, skrini ina matundu, matundu hupitisha maji, na kwa hiyo kwenye logi skrini huonekana kama ufa. Mchambuzi ofisini anafungua faili na kufurahi: nyufa zimeangukia pale pale skrini zilipowekwa! Zitakosaje kuangukia hapo, wakati anachotazama ni matundu yaliyokatwa kiwandani? Ripoti inaandikwa, uamuzi wa mchimbaji unapata muhuri wa sayansi, na kisima kinachofuata kinachimbwa kwa namna ile ile.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja, na si za kupuuzwa zote. Wanasema kisima kikiachwa wazi kitabomoka. Tabaka lililooza litabomoka, naam, ndiyo maana kuna bomba la muda la chuma la kulizuia. Graniti nzima iliyo chini yake husimama yenyewe. Tena chuma hicho ni zawadi. Sauti ndani ya bomba la chuma lisilobanwa husafiri kwa mikrosekunde 187 kwa mita, namba inayojulikana, hivyo sondi, kile kifaa chenye vipokezi vya sauti kinachoshushwa kisimani, ikisoma 200 humo unajua kabla ya kugusa mwamba kwamba inasema uongo. Plastiki haikupi kipimo cha namna hiyo. Wanasema mtambo ukisubiri ni gharama, kwa sababu mkataba hulipa kwa mita zilizochimbwa na saa za kungoja hazina malipo. Hiyo ni kweli, na dawa yake ni mstari mmoja ndani ya mkataba. Wanasema jaribio la pampu linatosha. Jaribio la pampu hutaja lita kwa saa. Halitaji maji hayo yanaingilia kina gani. Kwa maeneo ya Igunga na jirani zake wa Singida, ambako floridi si jambo geni, tofauti hiyo ni kubwa: ufa mmoja wenye maji mabaya unaweza kuzibwa ukijulikana, lakini ukishamwaga changarawe toka juu hadi chini umeziunganisha nyufa zote kuwa mto mmoja. Na wale wanaosema maji ya Ziwa Victoria yamekwishafika Tabora, basi mjadala wa visima umepitwa na wakati, watembelee kijiji kilicho mbali na bomba kuu.

Hoja yao yenye uzito imebaki moja: kwamba graniti ina kasi kubwa kiasi kwamba wimbi lake la P huweza kutangulia hata likipitia plastiki na changarawe. Nakubali. Kwenye kipokezi cha mbali linaweza kufika kwanza, ila hufika likiwa hoi. Na wimbi lililo hoi ndilo linalozaa ugonjwa ule wa zamani wa kuruka mzunguko: kifaa hukosa kilele cha kwanza na kushika cha pili. Kwa sauti ya kilohezi 20, mzunguko mmoja ni mikrosekunde 50. Vipokezi vikiwa vimeachana sentimita 30, hilo ni kosa la mikrosekunde 167 kwa mita, yaani graniti nzima inasomeka kama mwamba uliooza. Logi inayoweza kukosea kwa kiasi hicho bila kupiga kelele ni afadhali isiwepo.

Nikigeukia wapimaji wenyewe: kina husomwa vizuri, na kipande cha kisima hupimwa mara ya pili kwa uhakiki. Wapimaji kwa hilo hawana deni. Deni lao liko kwingine, na nimelidai hapa kabla ya leo. La kwanza ni haraka. Kisima kilichopulizwa kwa hewa kimejaa viputo, na viputo ni adui mkubwa wa sauti kuliko tope: asilimia moja tu ya hewa karibu na uso wa maji huishusha kasi ya sauti kutoka mita 1,500 hadi takribani 120 kwa sekunde. Kushusha sondi saa hiyo hiyo kompresa ilipozimwa ni kupima soda. La pili ni sondi nyembamba, milimita 50, inayoachwa ilalie ukuta wa kisima cha milimita 165 kwa kuwa mikono yake ya kuiweka katikati imesahaulika garini. Sauti ya upande mmoja inawahi, ya upande wa pili inachelewa, zinafutana. La tatu ni ile fomula ya Wyllie ya mwaka 1956, iliyozaliwa kwenye miamba yenye vinyweleo kama mchanga-jiwe, ambayo bado inalazimishwa kutoa asilimia ya uwazi ndani ya graniti. Uwazi wa asilimia moja hubadilisha usomaji kwa mikrosekunde 5 hivi kwa mita. Sondi iliyolalia ukuta hukosea zaidi ya hapo.

Waliotufundisha kazi hii hawakuwa na vifaa vya leo. Zemanek na wenzake wa Mobil walichapisha mwaka 1969 kamera yao ya sauti inayochora ukuta wa kisima. Frederick Paillet, wa shirika la jiolojia la Marekani, alishughulikia miamba migumu yenye nyufa kama ya kwetu, ikiwemo ya Mirror Lake kule New Hampshire, akiweka wimbi zima, picha ya ukuta na kipimo cha mtiririko pamoja, ndani ya kisima kilicho wazi. Kitabu alichoandika na Cheng mwaka 1991 bado kinawazidi wengi wenye vipokezi lukuki na skrini za kugusa. Na kama tunataka funzo la njia hii hii ya misafara, yupo Speke, mpelelezi Mwingereza: baada ya kupita Kazeh, Tabora ya siku zile, yeye na mwenzake Burton walipima mwinuko wa Ziwa Tanganyika mwaka 1858 kwa kusoma joto la maji yanayochemka kwa kipimajoto cha kuogea, wakapata futi 1,850 kwa ziwa lililo karibu futi 2,530. Speke alikuwa na udhuru, vifaa vyake vizuri havikuwa salama tena baada ya safari ya kutoka pwani. Vyetu viko nyuma ya pikapu, vizima, vikisubiri plastiki iteremke.

Kwa visima vilivyokwisha kuvalishwa, miale ya gamma ya mwamba hupenya PVC bila taabu na logi yake itaonyesha tabaka lililooza linapoishia, ichukuliwe hiyo. Anayeng'ang'ania logi ya sauti aandike juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, kwamba imepimwa ndani ya bomba, na safu ya nyufa aiache tupu.